Gunia Kwanza, Mzee Baadaye

Ukifika Mwabungo ukauliza nyumba ya Hasina, utaulizwa Hasina yupi, maana wako watatu. Sema Hasina wa kukunja, na hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke. Jina hilo alilipata akiwa bado anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Galu, ambako taulo zilizopita mikononi mwake ziligeuka ndege, kasa na tembo, kisha zikapangwa juu ya vitanda vya wageni. Siku moja mgeni mmoja, dada wa kutoka Nakuru aitwaye Gillian, alikuta tembo wa taulo kitandani kwake, akashindwa kumkunjua. Alioga siku tatu akijifutia fulana. Siku ya nne akashuka chini kumtafuta aliyemtengeneza.

Gillian alikuwa amekuja pwani kufundisha watu kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti, katika klabu iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa ufukweni. Alikuwa na ndege, alikuwa na wateja, alichokosa ni mtu wa kukunja. Parachuti ni kitambaa chenye upana wa ua wa nyumba, chenye kamba nyingi kuliko wavu, na chote hicho sharti kiingie kwenye mkoba usiozidi sana ule wa mwanafunzi, halafu kitoke bila kusita. Hasina alifundishwa miezi minane, akatahiniwa, akapewa cheti. Huu sasa ni mwaka wake wa tisa.

Namna anavyofanya kazi wenzake wanaijua. Huvua viatu, hutandika parachuti juu ya zulia refu, husema Bismillahi, na kuanzia hapo haitikii salamu ya mtu yeyote hadi pini ya mwisho iingie. Mwenye klabu mwenyewe amewahi kusimama mlangoni robo saa, salamu yake imening'inia hewani. Akimaliza Hasina huinuka, akaitikia salamu zote kwa mpigo, akaomba radhi kwa wote, akanywa chai. Wageni maelfu wameshuka kwa mikono yake, na hakuna parachuti hata moja iliyowahi kumwaibisha. Usiku hulala fofofo.

Shida yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa ikiishi naye nyumba moja. Ilikuwa babake.

Mzee Abdurahman Mwero alikuwa mkwezi. Miaka arobaini alikwea minazi ya watu kutoka Mwabungo hadi Msambweni, akaangusha nazi zisizo na hesabu, mpaka magoti yakagoma na daktari akamwambia kwamba mnazi sasa autazame tu. Mtu aliyezoea kuona bahari kutoka juu akawekwa kibarazani kuona migongo ya mbuzi. Akawa mkali, chai haina sukari, mkeka una vumbi, jua linachoma vibaya. Kibaya zaidi, kila asubuhi aliwaona wageni wakishuka polepole juu ya miti, wekundu na manjano, na alijua aliyewakunjia ni binti yake. Mwaka mzima akawa na ombi moja. Alitaka aruke, afungwe kifuani mwa Gillian au mwalimu mwingine kama wanavyofungwa wageni, aione tena pwani yake kutoka juu kabla hajafa.

Hasina alikataa. Hakukataa kwa kiburi, alikataa kwa hofu, na hofu hiyo alikuwa akiionea haya. Mgeni asiyemjua alimkunjia kwa mikono tu. Babake angemkunjia kwa moyo, na moyo wake haukuwa na cheti. Mara mbili alijaribu kwa siri, akaitandika parachuti zulini akajiambia hii ni ya baba, na mara zote mbili vidole vikaanza kutetemeka, akaikunjua. Alimwambia mzee kwamba mwenzake Lewis, kijana hodari kutoka Kinango, angeweza kumkunjia. Mzee alichukizwa mno. Watu wangesema nini, babake fundi karuka kwa mkono wa mtu mwingine?

"Niombe kingine, baba," alisema Hasina.

"Kingine kipi? Nina miaka sabini na mmoja. Hata nyama siwezi kukuomba, meno sina."

Basi wakawa hivyo, baba amenuna, binti amenyamaza, na mama katikati, Bi Mwanaima, akiwapakulia wote wawili na kujifanya haoni. Kwa kweli Bi Mwanaima hakuambiwa lolote kuhusu kuruka. Mzee alisema mkewe ana presha.

Mambo yaligeuka Jumatano moja alasiri, siku ambayo chombo kipya cha kubebea wanaanga kilikuwa kinarudi duniani. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imekirusha kwa roketi siku sita kabla, kikazunguka huko juu, na sasa kilitakiwa kushuka baharini, bahari nyingine ya mbali, si hii yetu. Magazeti yaliandika, redio zikasema, lakini pale klabuni Galu watu walikifuatilia kana kwamba ni mtoto wa jirani amekwenda mtihani, kwa sababu mwisho wa safari yote hiyo, baada ya roketi na kompyuta na mabilioni, chombo kingening'inia kwenye parachuti tatu. Hapo mjadala unakuwa wa kina Hasina.

Televisheni ikawekwa katika ukumbi wa makuti. Wageni walikuja na vinywaji vyao, wafanyakazi wakaacha kazi zao, na Mzee Abdurahman naye akatokea na mkongojo, kanzu imepigwa pasi. Alidai amekuja kumletea binti yake chakula. Chakula chenyewe alikuwa amekisahau nyumbani. Alipewa kiti mstari wa mbele, na jambo la kwanza alilouliza ni nani waliomo ndani ya chombo, na ni watoto wa nani.

"Hakuna mtu, Mzee," alisema Gillian. "Ni majaribio. Wameweka sanamu, na mizigo ya uzito wa watu. Wakiona iko sawa, ndio watu wapande."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Wasomi wote wale, na wanatanguliza sanamu. Yeye katika ukwezi wake hakuwahi kumtuma mtu mbele amjaribie mnazi. Lakini alizidi kuuliza. Sanamu lina ukubwa gani? Limevaa nini? Limefungwa mkanda? Gillian akamweleza kwamba limevalishwa nguo zile zile watakazovaa wanaanga, limetiwa vipimo kifuani na kichwani, na kila mtikisiko linaoupata unaandikwa. Mzee akatikisa kichwa. Kuvalishwa nguo kulimgusa.

Chombo kikaingia angani mwa dunia, na mawasiliano yakakatika. Mtangazaji alikuwa ameshasema kwamba joto la kuingia hukata mawasiliano kwa dakika kadhaa, na kwamba hilo ni la kawaida, lakini kuambiwa ni kawaida hakumsaidii mtu roho ikiwa juu. Mgeni mmoja alikuwa anatafuna ukingo wa kofia yake. Mzee Abdurahman, aliyekuja kutafuta njia ya kumbembeleza binti yake na hana habari na mambo ya anga, alisikika akisema chini chini "Ya Latifu, ya Latifu," akiliombea sanamu.

Sauti ikarudi. Watu wakapiga makofi, na punde kamera ikakiona chombo, kidogo, kimeungua ubavu, kinakuja kwa kasi. Parachuti ndogo zikatoka kukituliza. Kisha kubwa zikatoka tatu kwa pamoja, na ukumbi mzima ukashangilia.

Hasina hakushangilia. Alikuwa amesimama bila kujua kama amesimama. Mbili zilikuwa zinajaa vizuri, mdomo umefunguka, kitambaa kinapumua. Ya tatu ilikuwa imetoka, imenyooka, na imebaki hivyo, nyembamba, kama leso iliyokamuliwa.

"Moja haijafunguka," alisema.

Hakuna aliyemsikia isipokuwa Gillian, aliyeacha kupiga makofi. Mtangazaji aliliona jambo hilo baadaye, sauti yake ikabadilika. Chombo kilikuwa kinashuka kimeinama upande. Hasina alikuwa ameshika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, kwa mikono miwili, na midomo yake inahesabu. Alifika ishirini na sita ndipo ile ya tatu ikatikisika, ikavimba upande mmoja, ikavimba na wa pili, ikafunguka yote. Muda si muda chombo kikapiga maji na kuelea.

Wageni walikumbatiana. Mtangazaji akasema kwamba chombo kimeundwa kiweze kushuka hata kwa parachuti mbili, kwamba hiyo iliyochelewa itachunguzwa kamba kwa kamba, na kwamba hakuna aliyeumia, kwa kuwa hamkuwamo mtu. Hasina akakaa. Alikuwa anamfikiria mtu mmoja tu, mtu asiyemjua jina wala sura, aliyeikunja ile ya tatu. Mahali fulani mtu huyo alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya wenzake. Alimwonea huruma hadi machozi yakamlenga.

Mzee Abdurahman naye hakuwa anatazama televisheni tena. Alikuwa anatazama mikono ya binti yake. Mwaka mzima alidhani anakataliwa kwa sababu ya uzee wake, kwamba binti anamwonea aibu mzee wa magoti mabovu mbele ya wageni. Sasa aliviona vidole vile vilivyoshika kiti, na vilikuwa bado havijaachia.

Wakaondoka pamoja kurudi nyumbani. Hasina alimpunguzia mwendo kama kawaida, na mzee akajifanya ni yeye anayempunguzia binti.

"Wale nao wana baba zao," alisema. "Wanaogopa kama unavyoogopa wewe. Lakini hawakusema hawatumi mtu. Walituma sanamu kwanza, waone. Basi nasi tutume gunia. Gunia kwanza, mzee baadaye."

Hasina alitaka kucheka, akajikuta anafikiri. Klabu ilikuwa imepokea parachuti mpya, kubwa, ya kubeba watu wawili, na Gillian alikuwa ameshasema kwamba haitabeba mtu kabla haijashuka na mzigo. Utaratibu wake ni rahisi. Kamba hufungwa ndegeni, mzigo husukumwa nje, kamba huvuta, parachuti inafunguka yenyewe. Kama itabeba gunia la mchanga, ubaya uko wapi likiwa gunia la uzito wa Mzee Abdurahman, pamoja na uzito wa Gillian juu yake? Akasema ndiyo kabla hajafika nyumbani, na mzee akamwapisha kwamba mama hataambiwa.

Laiti wangeishia hapo. Lakini mzee alikuwa ameona sanamu limevalishwa, na hakuwa tayari gunia lake lipelekwe juu uchi. Jumamosi asubuhi alifika klabuni na fuko la nguo. Akalivika gunia kikoi chake, akalivika shati lake la zambarau, lile ambalo Mwabungo nzima imeliona katika kila harusi na kila Idi tangu watu wapate simu za mkononi. Akatengeneza kichwa kwa makumbi ya nazi, akakifunga kwa kitambaa, akakivika kofia yake ya zamani. Lewis alimsaidia kutia mikono. Walipomaliza walirudi nyuma kuitazama kazi yao, na Lewis akasema kwa heshima kwamba gunia limependeza kuliko mwenyewe.

Hasina alitandika parachuti. Akalitazama lile gunia lililokaa kwenye benchi na shati la babake, akasema Bismillahi, na vidole vikaanza kutetemeka. Akakunjua. Akaanza tena, akakunjua tena. Mara ya tatu akamwita Lewis akae mbele yake na kukagua kila kunjo, jambo ambalo kwa miaka tisa alikuwa analiona la wanafunzi. Alimfikiria yule mtu wa ng'ambo, ambaye bila shaka naye leo alikuwa amezungukwa na watu wanaomkagua. Mara ya nne pini iliingia. Aliinuka akaitikia salamu za watu sita.

Parachuti ilifunguka vizuri ajabu. Kutoka chini waliiona ikitoka, ikijaa, ikitulia, na Hasina akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatano. Mzee Abdurahman aliinua mkongojo akajisalimia mwenyewe. Kisha wote wakagundua jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifikiria, pamoja na vyeti vyao. Mtu huvuta kamba akaiongoza parachuti kule anakotaka. Gunia halivuti. Upepo wa baharini ulilibeba taratibu, kwa heshima zote, juu ya hoteli, juu ya barabara, na kulipeleka Mwabungo.

Lilishuka katika shamba la Kheri, nyumba mbili kutoka kwa Bi Mwanaima.

Kheri ni mtu mwema, adhana haimpiti, na alikuwa analima mihogo yake. Alisikia kishindo, akageuka, akaona shati la zambarau limelala kifudifudi, kofia imepinda, na kitambaa kikubwa kinafunika nusu ya shamba. Kwa kinyozi alikuwa amemsikia Mzee Abdurahman mara nyingi akijigamba kwamba ipo siku ataruka. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Akafanya kila jambo ambalo Mwislamu hufanya. Akasema Inna lillahi. Akavua shuka begani akamsitiri marehemu huku amegeuza uso wake kando, maana si adabu kumkodolea macho mtu aliyeanguka kutoka mbinguni. Akamgeuza kidogo kuelekea kibla, akashangaa jinsi mzee alivyokuwa mzito, akaona ndivyo maiti ilivyo. Kisha akakimbilia msikitini.

Wakati huo gari la klabu lilikuwa njiani, Gillian kwenye usukani, Hasina katikati, mzee dirishani, wakitafuta gunia lao. Waliposogea kijijini wakasikia kipaza sauti cha msikiti kikitangaza msiba. Mzee Abdurahman, kwa mazoea ya umri wake, akashusha kichwa akasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Halafu akasikiliza jina.

"Abdurahman Mwero yupi?" aliuliza.

Hasina alikuwa ameshaelewa, na aliyemjia akilini alikuwa mamake.

Nyumbani walikuta majamvi yameanza kutandikwa. Viti vilikuwa vinakuja vichwani mwa watu, na jirani mmoja alikuwa na uzi wa kupimia sanda mkononi. Mzee Abdurahman alishuka garini, akajisawazisha kwenye mkongojo wake, na kwa kuwa hakujua la kusema, akasema assalamu alaikum. Katika miaka yake yote Mwabungo, hiyo ndiyo salamu pekee ambayo haikuitikiwa. Mwenye uzi aliuachia. Viti viwili vilianguka. Kheri alimtazama mzee, akatazama upande wa shamba lake, akamtazama tena mzee, akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Bi Mwanaima alikuwa huko shambani. Wanawake walikuwa wamemshika wasimwachie, yeye akasema hatoki hapo bila kumwona mumewe usoni, na alipoifunua ile shuka alikuta makumbi. Hasina alimkuta amekaa kando ya gunia, mkono juu ya shati la zambarau, macho makavu. Alimpigia magoti. Alisema maneno mengi, samahani, na ilikuwa ni majaribio, na hatukutaka kukutia hofu, na machozi yakamshinda katikati. Mamake alimngoja amalize.

"Ilifunguka?" aliuliza Bi Mwanaima.

"Ilifunguka, mama. Vizuri kabisa."

Bi Mwanaima akalitazama tena gunia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, wanawake wakadhani sasa kilio kimekuja, wakasogea. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akalishika gunia asije akaanguka, na waliokuwa karibu wakaambukizwa, na kicheko kikatoka shambani kikafika kwenye majamvi, ambako wanaume walikuwa bado wanampapasa Mzee Abdurahman mabega kuhakikisha. Wali uliokuwa umeshainjikwa kwa ajili ya msiba ukaliwa kwa furaha. Aliyetangaza msiba akarudi msikitini kutangaza kwamba marehemu hajambo.

Jioni, watu walipoondoka, Bi Mwanaima aliwaweka mumewe na binti yake mbele yake. Hawakuwahi kuogopa hivyo.

"Kutoka mlangoni kwangu hadi shambani kwa Kheri nilikuwa mjane," alisema. "Hofu yangu yote iliishia humo njiani. Sasa sina nyingine. Huyo Gillian ni mwanamke, sivyo?"

"Ni mwanamke, mama."

"Basi nitaruka mimi. Miaka arobaini huyu amekaa juu, mimi niko chini ya minazi naokota nazi, shingo imepinda. Safari hii yeye ndiye atakayekaa chini."

Mzee alipinga kwa nguvu zote. Alisema umri, akasema watu, akasema presha. Bi Mwanaima alimjibu kwamba presha hiyo alipewa na wao wawili. Ilipopimwa Msambweni wiki iliyofuata, ilionekana imetulia kuliko ya mumewe.

Hasina angeweza kukataa. Ombi lilikuwa lile lile alilolikataa mwaka mzima, na aliyeomba alikuwa mamake. Alilala siku mbili akiligeuza. Mwisho aliona kwamba hofu haitamtoka, si leo wala mwaka ujao, na kwamba hata wale wa ng'ambo haikuwatoka, ila wameipa kazi ya kufanya. Asubuhi ya siku yenyewe alivua viatu, akatandika parachuti ile iliyolibeba gunia, akamwita Lewis akae mbele yake. Akakunja. Vidole vilitetemeka mwanzoni, vikatulia katikati, na pini ikaingia mara ya kwanza.

Bi Mwanaima alivishwa suti ya kurukia juu ya nguo zake, mtandio ukafungwa vizuri chini ya kofia ngumu. Alipanda ndege bila kugeuka nyuma. Gillian alimfunga kifuani mwake akamwambia, "Uko poa, Mama?" na Bi Mwanaima akamwambia alhamdulillahi, asichelewe.

Chini ufukweni alibaki Mzee Abdurahman. Amepewa kiti, hakukaa. Amepewa maji, hakunywa. Ndege ilipokuwa ndogo alimgeukia binti yake akamuuliza kama ameikunja vizuri. Hasina akamwambia ameikunja vizuri. Baada ya dakika moja akauliza tena. Akauliza mara ya tatu.

"Nimeikunja kama ninavyomkunjia kila mtu, baba," alisema Hasina, "na Lewis ameikagua." Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na unatetemeka, na akautambua mtetemeko ule.

Kitone cheusi kikatoka ndegeni. Kikaanguka. Mzee alianza kuhesabu kwa sauti, akapotea kwenye saba, akaanza tena. Mkongojo ulianguka mchangani, hakuona. Kisha juu kabisa kikafunguka kitambaa chekundu na manjano, kikajaa, kikatulia, na Mzee Abdurahman Mwero, mkwezi wa miaka arobaini, akalia mbele za watu bila kujifunika uso.

Wakashuka polepole, na kila waliposogea sauti ya Bi Mwanaima ilizidi kusikika, akiwataja majirani mmoja mmoja kwa mapaa ya nyumba zao. Walifika chini kwa makalio, miguu mbele, mchanga ukaruka. Gillian akazifungua ndoano. Bi Mwanaima alikaa palepale, miguu imenyooshwa, anahema, anacheka, na mumewe akaja akichechemea bila mkongojo, akapiga magoti yale mabovu mbele yake. 

"Ndivyo ilivyokuwa?" aliuliza. "Huku chini, mimi nikikwea?"

"Kila mnazi," alijibu Bi Mwanaima, akaomba maji ya kunywa.